Mawe Meupe ya Kwenda Mnarani

Ijulikane kwa wote, wakubwa kwa wadogo, wenyeji na wapita njia, kwamba rasi hii iliyochomoza baharini kama kidole cha mwalimu wa zamu, yenye mlima mgongoni na maji pande tatu, ina maajabu tisa yasiyo na mfano chini ya jua.

Kwa kweli ni manane. La tisa ni choo cha wageni, nyuma ya kibanda cha tiketi, ambacho mtu asiyejulikana alikiandika AJABU LA TISA kwa rangi nyekundu wakati wa likizo ya mwaka juzi. Tangu hapo wageni hukipiga picha, na wengine hutoka ndani wakitikisa kichwa kukubaliana na maandishi.

Manane yaliyobaki yalikuwa ya Bibi. Karatasi za ofisi zinasema ni ya umma, lakini karatasi hazijawahi kumpandisha mgeni mlimani. Kwa miaka arobaini na minne Bibi alitembeza watu rasi nzima, filimbi shingoni, mkononi mwavuli mweusi ambao hakuufungua hata mvua ilipomwaga, maana aliuchukulia kuwa chombo cha kuonyeshea. Aliwaanzishia ngomeni. Kisha ngazi themanini na nane zilizochongwa kwenye jabali, chemchemi, pango la mwangwi, tao la mwamba ambalo mawimbi yamelitoboa taratibu bila haraka ya mtu mwenye mshahara. Makaburi ya mabaharia yalifuata, na baada yake mzinga mkubwa wa chuma unaoutazama mlima badala ya bahari, kwa sababu waliotumwa kuugeuza walichoka katikati wakaenda kula, na hakuna aliyewakumbusha. Mwisho kabisa, kwenye ncha ya rasi, mnara wa taa.

Mnara aliuweka mwisho kwa makusudi. Huko ndiko alikokuwa Babu.

Babu alikuwa mlinzi wa taa. Siku ya kwanza Bibi alipompelekea wageni, msichana mwembamba mwenye filimbi mpya, Babu alikataa kufungua mlango. Alisema viatu vyao vina mchanga, na ngazi zake amezifuta asubuhi. Bibi akamwambia ngazi za serikali si za mama yake. Siku ya tatu Babu aliweka brashi ya viatu mlangoni. Siku ya kumi alileta posa.

Waliishi kwenye nyumba ya mlinzi, vyumba viwili na jiko, wakalea watoto wanne wasiojua usingizi bila mlio wa honi ya ukungu inayoonya meli. Kila Bibi alipofika kwenye mzinga na wageni wake, alipiga filimbi mara mbili. Babu, kule juu, alijibu kwa honi mara moja, maana yake, "Nimekuona, maji ya chai yako jikoni." Wageni walidhani ni sehemu ya tiketi.

Na kila mwaka mvua zilipokwisha, Babu alikoroga chokaa kwenye ndoo ya bluu, akapaka mawe yaliyopangwa kutoka mzingani hadi mlangoni kwake, hatua kumi kwa kila jiwe. Pale rasi inakuwa nyembamba kama ukuta, na ukungu ukishuka kutoka mlimani huoni hata vidole vyako. "Fuata mawe," alikuwa akisema. "Ukungu ni mwongo, jiwe halina uongo." Kwa siku mbili baada ya kupaka, vidole vyake vilikauka na kupasuka kama tope la bwawani, na Bibi alimpaka mafuta akimwita mzee wa magamba.

Kisha ikaja mashine ya kuwasha taa yenyewe. Babu akaachiwa kazi ya kulinda taa isiyomhitaji. Bado alipanda kila jioni, kuiaga tu. Honi ilikatwa waya. Baadaye Babu mwenyewe akaenda kule tunakokwenda wote, na ndoo ya bluu akaachiwa Bibi, aliyehamia uani kwa mwanawe wa mwisho, kando ya mzinga, kabla rasi haijawa nyembamba. Alipaka mawe kila mwaka. Kwenye mzinga aliendelea kupiga filimbi mara mbili, kisha kunyamaza kidogo kabla ya kuendelea. Wageni walidhani anapumzika.

Sasa sikilizeni jambo ambalo Bibi hakumwambia mtu. Ukungu ule aliouogopa Babu ulikuja ukaingia machoni mwa Bibi, na safari hii haukuondoka jua lilipopanda. Ilianza kwa nyuso, zikayeyuka. Yakafuata maandishi. Mwaka wa tatu alibakiwa na giza na mwanga tu: kilicho cheupe alikiona kama doa la maziwa kwenye nguo nyeusi, na vingine vyote vilikuwa ile nguo.

Hakuacha kazi. Ngome aliijua kwa ubaridi wake na harufu ya popo. Ngazi alizihesabu. Chemchemi ilijitangaza yenyewe. Tatizo lilikuwa ule wembamba wa mwisho, kati ya mzinga na mnara, ambapo bahari inavuma kwenye masikio yote mawili kwa nguvu sawa, na sikio haliwezi kukuambia lolote. Hapo alikuwa na mawe. Doa la maziwa, hatua kumi, ncha ya mwavuli tok. Doa lingine, tok. Alifika mlangoni kichwa kikiwa juu, na hakuna aliyejua, hata mwanawe wa mwisho aliyeishi naye ua mmoja.

Huyu mwanawe ni Mjomba, mkata tiketi. Mjomba ni mtu mwema, lakini simu imemwoa. Kila asubuhi alitoka nyumbani kwenda kufungua mnara, macho kwenye kioo, miguu ikifuata mawe meupe pembeni mwa jicho kama behewa linavyofuata reli. Hakuwahi kuinua uso. Angeweza kufika mnarani na kurudi bila kujua kama bahari bado ipo.

Ilipofika barua, Mjomba ndiye aliyemsomea Bibi. Ofisi ilisema watembezaji wote waliovuka miaka sitini na mitano watahakikiwa. Atakayeonekana kupungukiwa na kumbukumbu atastaafishwa kwa shukrani, cheti na saa ya ukutani. Mkaguzi angekuja Jumatatu.

"Kumbukumbu?" Bibi alisema. "Waje. Nitawakumbusha na wao."

"Mama, usimjibu mkaguzi hivyo."

"Nitamjibu hivyo na kuzidi. Saa ya ukutani ya nini? Niitazame nini?"

Mjomba alidhani anasema kwa hasira.

Alhamisi, kabla ya Jumatatu hiyo, alikuwa amewasili likizo mjukuu mmoja wa Bibi, anayesoma shule ya bweni. Kuhusu mtoto huyu tutasema machache, kwa kuwa unyenyekevu wake haupendi sifa. Itoshe kwamba ana akili nyingi, ameonewa sana na walimu, na Bibi humwita Kiroboto bila sababu yoyote ya msingi.

Ijumaa mchana, watu walipokuwa wamejilaza baada ya chakula, mawe kumi na moja yalihama.

Namna yalivyohama, wanahistoria hawajaafikiana. Wapo wanaosema ni mbuzi. Wapo wanaotaja tetemeko dogo la ardhi lenye mpangilio mzuri. Kinachojulikana ni kwamba mstari ulioanzia mzingani, badala ya kunyooka kwenda mnarani, ulipinda kidogo kidogo, kwa ustadi ambao mhandisi angeuonea wivu, ukaishia uani kwa Mjomba, kwenye banda la mbuzi wake mwenyewe. Inajulikana pia kwamba aliyehusika, kama alikuwepo, alikuwa mtu makini. Mawe yaliyong'olewa yalikuwa na weusi wa udongo upande wa chini, naye aliyapaka chokaa upya kutoka kwenye ndoo ya bluu, kwa mikono mitupu, maana brashi haikuonekana.

Inasemekana nia ilikuwa moja tu: Jumamosi asubuhi Mjomba atoke, simu usoni, azunguke hadi mzingani, afuate mawe, na aingie kwenye mbuzi. Hakuna mtu mwingine aliyefikiriwa. Hilo ndilo kosa.

Jumamosi, kabla Mjomba hajamaliza kuvaa viatu, mkaguzi alibisha hodi. Alikuwa amesema Jumatatu, lakini mkaguzi anayekuja siku aliyosema si mkaguzi, ni mwalikwa wa harusi. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye fomu kwenye ubao mdogo na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Nyuma yake walikuwepo wageni watano wenye pesa za tiketi mkononi. Mjomba akabaki kibandani kuwahudumia wengine, na mnara ukabaki umefungwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mapema hivi! Ofisi siku hizi inaamka?"

"Inajitahidi."

"Haya. Nani ana mtoto mdogo? Hakuna? Vizuri, leo tutatembea kama watu wazima."

Walioifuata safari ile wanasema Bibi hajawahi kuwa hodari kama siku ile. Ngomeni mkaguzi aliuliza unene wa ukuta. Bibi akagonga jiwe kwa mwavuli. "Mtu mzima akilala chali humu dirishani, nywele zinapigwa na upepo wa bahari, na vidole vya miguu viko ndani bado havijajua kama kuna upepo. Marehemu mume wangu alilala hapo nikampima. Alisinzia."

Kwenye chemchemi, maji matamu yanayotoka hatua kumi tu kutoka maji ya chumvi, aliwainamisha wote washike ukingo wa jiwe. "Mnahisi mashimo mawili? Hayakuchongwa. Ni magoti. Kila aliyepiga goti hapa kunywa aliondoka na chembe moja ya jiwe. Nanyi ondokeni na zenu."

Mgeni mmoja, mama mwenye kofia pana, alipiga magoti kweli. Mkaguzi aliandika. Kisha, alipodhani hakuna anayemwona, akapiga goti na yeye.

Pangoni mwangwi ulirudisha kila kitu ila chafya. Kwenye makaburi Bibi alisimulia habari za mabaharia kana kwamba walikuwa wapangaji wake walioondoka bila kuaga. Kwenye mzinga alipiga filimbi mara mbili, akanyamaza.

Upepo ukapita. Hakuna aliyejibu.

"Tuendelee," akasema.

Doa la maziwa, hatua kumi, tok. Doa lingine, tok. Bahari ilivuma kulia, ikavuma kushoto. Jiwe la tano, Bibi alihisi upepo umehama kidogo kutoka shavuni kwenda shingoni, akajiambia upepo ni upepo. Mawe hayana uongo. Alifika jiwe la mwisho. Mbele yake, juu, palikuwa na weupe mkubwa uliosimama wima dhidi ya anga. Akajiweka sawa, akawageukia wageni, akainua mwavuli.

"Na huu, wageni wangu, ndio mnara wa taa."

Wageni wakatazamana.

"Msistaajabu peke yenu, kila mtu hustaajabu. Una miaka mia moja na zaidi. Umepigwa na dhoruba zisizo na idadi, na haujatikisika hata siku moja."

Shuka la Mjomba, lililokuwa limeanikwa kwenye kamba, likapepea likampiga mgeni mmoja usoni.

"Weupe wake huonekana tangu mbali baharini. Na hapo juu, pale penye rangi ya bluu, ndipo mume wangu alipokuwa akikaa."

Pale mwavuli ulipoelekea palikuwa na bukta ya Mjomba, ya bluu kwa bahati. Nyuma yake mbuzi alitoa kichwa akaunga mkono hotuba kwa sauti ndefu.

Wageni wakaangua kicheko. "Bibi huyu ana vituko!" alisema mama wa kofia, akijifuta machozi. Wote walicheka isipokuwa wawili. Mkaguzi hakucheka. Na yule mjukuu, aliyekuwa amejibanza nyuma ya banda tangu asubuhi akimsubiri Mjomba, hakucheka pia, kwa sababu kutoka pale aliona kitu ambacho wageni hawakukiona. Aliuona uso wa Bibi, uliokuwa umeligeukia tena shuka. Bibi alikuwa akitabasamu akisubiri wamalize kicheko, kama mtu anayesubiri kutafsiriwa.

"Mama," mkaguzi alisema taratibu. "Mnara uko kule nyuma yetu."

Tabasamu lilibaki midomoni kwa muda, halijui liende wapi.

Saa moja baadaye mkaguzi alikuwa kibandani, kikombe cha chai mbele yake, Mjomba amesimama kama mtuhumiwa.

"Kaka, mama amechoka tu. Jua leo kali."

"Ndugu yangu, mimi sifurahii. Ile habari ya magoti sitaisahau. Lakini mtu akiita kamba ya nguo mnara, mbele ya wageni, niandike nini? Nitamaliza chai, nitamalizia fomu."

Bibi alikuwa chumbani kwake, ameketi kitandani na viatu vyake. Filimbi alikuwa ameivua ameiweka juu ya mto. Mjukuu aliingia polepole, jambo lisilo la kawaida yake.

"Kiroboto."

"Bee, Bibi. Umejuaje ni mimi?"

"Mwingine gani anapumua kama mwizi?" Akapapasa kitanda. "Kaa. Nikuambie kitu usimwambie mjomba wako. Sioni. Mwaka wa tatu huu."

Mjukuu akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Macho hayakunitisha. Nilisema yaende, njia ninayo kichwani. Kila asubuhi natembea kutoka kwenye mzinga hadi kwa babu yako, jiwe kwa jiwe, na nikifika mlangoni ni kama bado kaweka ile brashi. Sasa leo njia nayo imekwenda. Nimehesabu vizuri, nimegonga kila jiwe, na nimefika kwenye mbuzi." Sauti ikashuka. "Wana haki ya kunipa saa yao. Nimempoteza babu yako katikati ya njia, na sijui ni wapi."

Hapa mjukuu alikumbuka ghafla kazi aliyoiacha nje, akasimama aondoke. Bibi akamshika mkono ili asimame pamoja naye. Akatulia. Kidole gumba chake kikapita juu ya vidole vya mtoto, kimoja baada ya kingine, kikarudi tena, taratibu, kwenye mipasuko.

"Ngozi hii," Bibi alisema, "naijua."

Mjukuu akajaribu kuuvuta mkono wake.

Mkono wangu. Haya basi. Mkono wangu.

"Mzee wa magamba," Bibi alisema, karibu kwa mnong'ono. Kisha sauti yake ikabadilika. "Kiroboto! Wewe umeshika chokaa ya nini?"

Nimeshawahi kusimamishwa mbele ya shule nzima kwa habari ya chura kwenye kinanda, na nikatetea kesi yangu kwa dakika kumi. Siku ile sikupata hata sentensi moja yenye kichwa na miguu. Nilisema ni mimi. Nilisema mawe kumi na moja, nilisema Mjomba, nilisema mbuzi, nikalia kama mtoto wa chekechea.

Bibi alinipiga kofi moja la bega, zito, lakini uso wake ulikuwa umefunguka.

"Kwa hiyo hayakuwa pale."

"Hayakuwa pale, Bibi."

"Kwa hiyo sikupotea. Mimi nilifuata, na yalinipeleka."

"Ndiyo, Bibi. Lakini nikimwambia mkaguzi, atauliza mbona wewe mwenyewe hukuona. Atajua."

Alitafuta filimbi juu ya mto, akaivaa. "Ajue macho yamekwenda. Akili ninayo, na sitakubali iandikwe imekwenda. Nipe mwavuli. Utasema wewe, kwa mdomo wako, na usiweke mapambo."

Nilisema. Mjomba alitoa macho, kisha akainua kikombe cha mkaguzi kwa makosa akanywa chai yote.

Mkaguzi alimtazama Bibi. "Kwa hiyo, mama, huoni kabisa?"

"Mnara sijauona miaka mitatu. Wewe una macho, na umekuwa ukiuona tangu ulipoegesha gari. Una madirisha mangapi?"

Mkaguzi akageuka kuchungulia dirishani.

"Kumi na saba, na la kumi na nane limezibwa matofali. Na kiatu chako cha kushoto kinaachia soli. Tangu chemchemi kinapiga makofi."

Tuliyarudisha mawe mimi na Mjomba, yeye akinitupia maneno ambayo hayafai kitabuni. Bibi alisimama kando akihesabu hatua na kutukosoa. Kisha akaenda kwenye mzinga, mkaguzi nyuma yake, akapiga filimbi mara mbili. Akanyamaza. Mkaguzi naye alinyamaza, na safari hii hakuna aliyedhani anapumzika. Halafu tok, hatua kumi, tok, mpaka kiganja chake kikatua kwenye mlango wa mnara, na akakiacha hapo muda mrefu.

Mkaguzi aliitazama fomu, akaigeuza nyuma na mbele.

"Ina sehemu ya kumbukumbu," alisema. "Ina usafi, ina lugha. Sehemu ya macho hakuna. Siwezi kujaza sehemu ambayo haipo. Ila mama, usipandishe wageni zile ngazi bila mtu wa kutembea nawe."

"Atakuwepo," Bibi alisema. "Kila likizo. Na atapaka mawe kila mwaka, kwa brashi."

Huyo ni mimi tena.

Mkaguzi alipokuwa akiondoka alisimama nyuma ya kibanda, akasoma maandishi mekundu mlangoni, akauliza kama kuna ajabu la tisa ambalo hakuonyeshwa. Mjomba alinigeukia. Bibi naye alinigeukia, moja kwa moja, kama mwenye macho manne.

Ndiyo. Hilo nalo ni mimi.